Ini la Mjomba Hashil

Naapa kwa mvi zangu, na kwa pensheni yangu ambayo nayo inajikongoja kama mwenyewe, kwamba haya ni kweli tupu kuanzia unyayo hadi utosi. Sikuyaokota njiani wala sikusimuliwa na mtu aliyesimuliwa na mtu. Na nyie wa baraza hili la Boko, mnaonipenda kwa maneno yangu mkanisengenya kwa maneno hayo hayo, nawapa ahadi: ikipatikana humu hata punje ya uongo, kahawa ya wote hapa na kashata zake ni juu yangu. Ansbert, wewe uwe shahidi. Suhaib, endelea kukoka mkaa wa deli lako la kahawa, usinitazame hivyo. Na hili koti nalo msilishangae. Nina homa. Mtu mzima akiwa na homa huvaa koti hata jua likipasua mawe.

Jokha mnamjua, binti wa marehemu kaka yangu, fundi wa piko, ile hina nyeusi. Harusi za huku kwetu hadi Mbezi Beach hazisogei mpaka yeye apake. Binti yake Nawal yupo chuo cha afya, anasomea utabibu. Na mjomba wake Jokha, Hashil wa Kimbiji, yule mrefu mkavu kama ubao wa kitanda, wengi wenu mmepata kumwona. Basi Hashil alikuja kutazamwa macho hospitalini, akafikia kwa Jokha. Mie siku hizo sikuwepo, nilikuwa Bagamoyo msibani. Hilo mlishike.

Alhamisi hiyo Mjomba Hashil alikuwa amekaa uani akisubiri chai, mara Nawal akaingia, akakaa kwenye kizingiti na viatu vyake miguuni. Hakusalimu. Jokha alikuwa anakoroga piko kwenye kibakuli, akainua macho.

"We mtoto, umekuta watu au umekuta magogo?"

"Shikamoo mama. Shikamoo Babu Hashil."

"Marahaba. Nani kafa?"

"Mimi," akasema Nawal. "Nimeshikwa sapu."

Jokha akaacha kukoroga. Neno hilo alikwisha kulijua, kama mzazi yeyote mwenye mtoto chuoni. Sapu ni mtihani wa kurudia, na nyuma ya sapu kuna disko, na disko hiyo haina muziki. Ukiila, unafungasha godoro lako unarudi nyumbani.

"Sapu ya nini? Si ulisema huo mwili wa binadamu umeumeza wote?"

"Kwenye karatasi nimefaulu, mama. Tishu zote nimeandika, mifupa nimeandika. Nimefeli pale kwenye sanamu. Mwalimu Bupe aliniambia nionyeshe ini. Nikaonyesha. Akasema, 'Binti, hapo umeshika mfuko wa chakula. Ungekuwa na kisu, saa hizi tungekuwa tunapitisha kofia ya rambirambi.' Wakacheka wote."

Hashil naye alicheka, akakohoa ili ionekane alikuwa anakohoa.

"Sasa kinachokushinda nini?" mama akauliza.

"Woga. Nikisimama mbele ya ile sanamu, vitu vinahama. Nimesoma viko huku, naonyesha huku huku, naambiwa siko. Na Jumatatu narudia. Nikikosa tena, ndio basi."

Jokha alichukua kijiti akaanza kukoroga tena, kwa nguvu, kama piko ndiyo iliyomfelisha mtoto. Ada ile ilitoka kwenye mikono ya maharusi, mmoja baada ya mwingine, mpaka mgongo wake ukawa haunyooki bila kupiga kelele.

*

Kesho yake baada ya swala ya Ijumaa, Nawal na Mjomba Hashil walitumwa Mbezi Beach kwa Yasmini, shangazi yake Nawal, mwenye duka la madera. Huyu Yasmini alipata kumnunulia mwanawe Nawaf sanamu ya mwili, ile ya plastiki ambayo viungo vyake unachomoa na kurudisha, wakati Nawaf alipokuwa anataka udaktari. Siku hizi Nawaf anatengeneza simu. Jokha alisema sanamu lazima ipo tu, imekaa bure.

Ipo kweli, lakini haikukaa bure. Waliikuta dirishani mwa duka imevaa dera la zambarau na mkufu wa shanga.

"Karibuni, karibuni," akasema Shangazi Yasmini bila kuinuka. "Jokha mzima? Mgongo vipi? Nimesikia ya mtoto. Habari za mtu aliyefeli hazihitaji nauli."

"Shikamoo shangazi. Tumekuja kuazima sanamu, mpaka Jumatatu tu."

"Kuazima? Na dera langu nivalishe nani, Mjomba Hashil?" Wateja wawili wakageuka kumtazama Hashil, wakaona kweli mwili wa dera anao. "Halafu hiyo imebaki ganda, mwanangu. Utumbo walichezea wajukuu. Moyo sijui uliingia wapi. Ini lipo, hilo hapo."

Ini lilikuwa sakafuni limebana mlango usipigwe na upepo wa bahari.

Hashil aliinama alichukue. Mlango ukajibamiza, mteja akaruka. "Liache, mjomba!" akafoka Yasmini. Hashil akalirudisha ini mlangoni, akajipangusa mikono kwenye kanzu. Umri wake wote hakupata kukemewa kwa sababu ya ini.

"Nikwambie kitu, Nawal," akaendelea shangazi mtu, sasa kwa sauti ya asali. "Si kila mtu kaumbiwa hizo hospitali. Mimi nataka mtu wa kukaa hapa kaunta, mtu wa damu yangu. Jumatatu ukikosa, Jumanne uje. Hata sare nimeshakushonea."

Akaitoa chini ya meza, imekunjwa vizuri, ya rangi moja na lile dera. Hilo ndilo lililomuuma Nawal. Kazi si mbaya, na shangazi hakuwa adui. Lakini sare ilishapimwa, ikakatwa, ikashonwa, na yeye mtihani hajaufanya.

Walirudi mikono mitupu. Walipofika Boko, ndipo Hashil akasema, "Yule kakosea kipimo. Mabega ameyafanya mapana."

*

Jumamosi asubuhi Jokha aliamka na uamuzi. Aliweka mkeka uani, akaweka kibakuli cha piko, brashi zake nyembamba, na wembe.

"Mjomba," akasema, "vua shati."

"Kwa kosa gani?"

"Sanamu tumenyimwa. Wewe una viungo vyote, tena vyako havibani mlango. Nawal atasoma, mie nitachora. Jumatatu atakuwa amekuona mpaka kwenye maini."

Hashil alitaka kusema yeye ni mwanaume mwenye heshima zake Kimbiji nzima, ana shamba la minazi na mke. Lakini alimwona Nawal amesimama na makaratasi yake kifuani, na akaikumbuka ile sare. Akavua. Wakamnyoa kifua na tumbo kama kichwa cha mtoto siku ya akika, mvi zikaruka uani, kuku wakazidonoa wakaziacha.

Makaratasi yenyewe yalikuwa nakala ya nakala ya nakala. Maneno yalisomeka, lakini picha zilikuwa zimekuwa nyeusi kama sufuria iliyounguza maharage. Kwa hiyo Nawal alisoma maneno, na mama akachora kwa maneno.

"Anza na tishu, mama, ndio msingi. Ziko aina nne. Ya kwanza inafunika: ngozi, na utando wa ndani wa utumbo. Ya pili inaunga na kushikilia: mifupa, kano, mafuta, hata damu wanaiweka humo. Ya tatu ni misuli, inavuta. Ya nne ni ya neva, inapeleka habari."

"Ya nne tunayo mtaani," akasema Hashil chali pale mkekani. "Anaitwa Mwajabu."

"Nimekusikia, Mzee Hashil!" ikatoka sauti ya Mwajabu, jirani, upande wa pili wa ukuta.

"Unaona? Nimeguswa huku, habari imefika kule."

Nawal akacheka, kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi. Brashi ikaanza kazi. Ilikuwa baridi, na ilipopita chini ya mbavu Hashil alihisi kama sisimizi wamevaa viatu wanakwenda harusini. Akajikaza. Ilipofika kwenye kitovu akashindwa, akajikunja kama jongoo.

"Mjomba tulia, utaharibu utumbo!"

"Utumbo ni wangu!"

Shida ikaanza kwenye mapafu. Jokha alichora pafu moja zuri, lenye vipande vitatu, akahamia la pili akaanza kulifanya vile vile.

"Hapana mama. La kulia vipande vitatu, la kushoto viwili."

"Haiwezekani."

"Ndivyo ilivyoandikwa. Moyo umeegemea kushoto, umechukua nafasi."

"Nawal, mie nimepaka maharusi wangapi? Mkono huu ukiwa na maua matatu, na huu matatu. Ukiweka mawili, mama wa bwana harusi anauliza bibi harusi kapungukiwa nini."

"Mama, mwili si harusi!"

"Ndio maana umefeli. Mwili hauna adabu." Lakini akachora viwili. Mkono wake, hata hivyo, haukujua kuchora kitu kitupu. Utumbo mwembamba ukatoka umezungukwa na majani. Figo zikapata vikonyo. Kwenye kibofu pakaota ua, na Jokha akasema limeota lenyewe.

"Sasa ini," akasema Nawal, na sauti ikapungua. Akasoma. "Ini liko kulia, chini ya mbavu, ndicho kiungo kikubwa kuliko vyote vya ndani." Akanyoosha kidole kutoka miguuni pa Hashil alipokaa, kwa uhakika wa mtu aliyekwisha kufelishwa na hofu na sasa hofu haipo. "Hapa."

Jokha akachora. Likatoka ini pana, jeusi, linang'aa. Nawal alilitazama kama mtu aliyemwona mwizi wake.

Adhuhuri ikaita, wakaswali kwa zamu, Hashil akiswali na shati lililoachwa vifungo wazi lisiguse piko mbichi. Kisha Mwajabu akaleta sahani ya wali na samaki wa nazi, kwa ajili ya mgonjwa, alisema, huku macho yake yakimaliza kumsoma Hashil mzima kuanzia koo hadi kitovu. Hashil akakaa kitako kuelekeana na Nawal, akasema bismillahi, akaanza kula.

Nawal hakuwa anakula. Alikuwa anautazama mkono wa Hashil unavyokwenda kwenye sahani na kurudi mdomoni. Unakwenda, unarudi.

"Babu Hashil," akasema polepole. "Huo mkono unaolia wali."

"Una nini?"

"Uko huku." Akaelekeza upande mmoja. "Na ini liko kule."

Wote wakatazama. Mkono wa kulia wa Hashil ulikuwa na tonge. Ini lilikuwa upande wa pili kabisa, limetulia chini ya mbavu za kushoto, kama mgeni aliyeingia nyumba siyo akakaribishwa chai.

"Ya Rabi," akasema Jokha.

"Si woga," akasema Nawal. Alisimama. "Mama, haukuwa woga! Nasoma kulia, naonyesha kulia kwangu mimi. Kumbe ni kulia kwake yeye! Sanamu inanitazama, kulia kwake ni huku. Kila kitu nilikuwa nakipeleka kwangu."

"Mie kila siku naanza na mkono wa kulia wa bibi harusi," akasema Jokha, ameshika mdomo. "Siwazi hata kuuliza. Leo umeninyooshea kidole nikakufuata kama kondoo. Haya, lete kitambaa."

"Piko inafutika?" akauliza Hashil.

Ilikuwa imekaa mwilini tangu asubuhi. Walisugua kwa sabuni, kwa ndimu, kwa mafuta ya nazi, mpaka Hashil akasema ngozi ile ni tishu ya kwanza na hana nyingine. Ini halikutoka.

"Basi atakuwa na mawili," akasema Mwajabu aliyekataa kuondoka. "Moja la akiba."

Nawal alikuwa amepiga magoti, uso karibu na mbavu za Hashil. "Upande huu wa kushoto kuna mfuko wa chakula," akasema. "Mama, hili ini hapa mwishoni lizungushie mstari, liwe na umbo la mfuko wa maji uliolala. Na hili jani lako la pembeni, lijaze. Hiyo ni bandama. Iko hapo hapo." Alisema bila kushika karatasi. "Kisha ini jipya, kulia kwake. Upande wa tonge."

Jokha akachora. Na safari hii Nawal ndiye aliyekuwa anamwambia wapi, na hakukosea hata mara moja.

*

Jumatatu Jokha na Hashil walimsindikiza mpaka getini. Mlinzi hakuwaruhusu kuingia, wakasimama juani. Hashil alikuwa amevaa kanzu yake nyeupe, nyepesi, na joto la Dar es Salaam halina siri. Jasho lilipoanza, kanzu ikamganda kifuani, na taratibu, kama picha ya zamani inayosafishwa, yakatokea mapafu, yakatokea maini, ukatokea utumbo na majani yake.

Mlinzi alimtazama kwa muda. "Mzee, unaumwa au umeolewa?"

"Nasubiri mtihani," akasema Hashil kwa heshima zote.

Wanafunzi waliokuwa wakipita wakaanza kusimama. Mmoja akatoa karatasi akaanza kulinganisha. "Braza, njoo uone, figo ya kulia imewekwa chini kidogo kuliko ya kushoto. Iko sahihi hii!" Jokha akajitanda mtandio mpaka puani. Lakini Hashil, ambaye siku mbili nzima alikuwa akijificha hata msikitini safu ya nyuma, akajikuta amenyoosha mgongo.

Nawal alitoka mchana. Alikuwa anakuja polepole, uso hauna kitu, na Jokha akaanza kusoma dua kwa sauti.

"Aliniuliza ini," akasema Nawal. "Nikasimama mbele ya sanamu. Basi nikaipa sanamu sahani ya wali, kichwani mwangu. Nikaona inakula kwa mkono upi. Nikaweka mkono hapo."

"Halafu?"

"Mwalimu Bupe akaniambia bandama. Nikaweka. Mfuko wa chakula. Nikaweka. Akaniuliza, 'Mbona unaitazama mkono, kwani inakusalimu?' Nikamwambia inakula. Akaandika."

"Akaandika nini, we mtoto? Utaniua!"

"Nimepita, mama."

Kelele aliyopiga Jokha ilimwamsha mlinzi aliyekuwa macho. Pale pale getini, fundi wa piko mwenye mgongo usionyooka akaruka, akapiga vigelegele vile vya harusi za watu, ila safari hii vilikuwa vyake.

Jumanne, badala ya Nawal kwenda Mbezi Beach, Shangazi Yasmini ndiye aliyekuja Boko. Alikaa, akanywa juisi, akasema alijua tangu mwanzo kuwa mtoto ana akili, ukoo mzima unazo. Kisha akafungua mfuko akatoa ini la plastiki, limeoshwa.

"La kufundishia wengine," akasema. "Mlango nimeuwekea tofali." Na alipokuwa anaondoka akamvuta Nawal pembeni, akashika ubavu wake mwenyewe. "Huku kunanichomaga nikila vya mafuta. Ni kulia kwako huko au kwangu?"

"Kwako, shangazi. Nenda hospitali ukapimwe."

*

Hivyo ndivyo nilivyoisimulia pale barazani, na nilipofika mwisho nikamnyooshea Suhaib kikombe nikingojea sifa zangu. Ansbert akakuna kidevu.

"Mzee Hudhaifa, nina kaswali kadogo. Wewe ulikuwa Bagamoyo."

"Msibani."

"Na uliapa hukusimuliwa na mtu."

"Naam."

"Sasa wale sisimizi waliovaa viatu, kule chini ya mbavu za Hashil. Wewe ulionana nao wapi?"

Suhaib akaacha kupepea mkaa.

"Hashil mwenyewe..." nikaanza.

"Hashil nimeongea naye jana kwa simu, habari za nazi zangu. Ananiambia hajavuka kuja huku tangu Idi. Halafu hebu niambie, hiyo homa yako ya kufunga koti mpaka kooni, inakaribia wiki sasa, na kahawa unakunywa, na kashata unatafuna. Ni homa ya tishu ya ngapi?"

Nilikuwa na jibu. Wallahi nilikuwa nalo, zuri, lenye mkia. Lakini hapo hapo akatokea Nawal kwenye kona ya duka, na vitabu mkononi, uso umemkunjuka.

"Shikamooni wazee. Babu Hudhaifa, kina Anjelina wa chuoni wameshafika. Mama anasema uje uvue shati kabla piko haijafifia, leo wanataka figo."

Suhaib hakuuliza. Alianza kupanga vikombe, akavipanga mpaka vikaisha, kisha akatuma kwa jirani vya kuazima. Nikatia mkono mfukoni.

"Hiyo baadaye," akasema Ansbert. "Kwanza koti."

Nikafungua vifungo, kimoja kimoja. Ukiondoa jina la mwenye tumbo, mengine yote yalikuwepo pale na walijionea wenyewe: mapafu yasiyo na adabu, utumbo na majani yake, kibofu na ua lake, na ini mahali pake. Walicheka mpaka mmoja akamwaga kahawa ninayomlipia. Ansbert hakucheka. Alichukua kashata mbili, akaanza kutafuna polepole, na kila mkono wake ulipokwenda mdomoni nilimwona anainamisha macho, anautazama upande lilipo ini lake.